Miguu Ndiyo Kura: Safari kutoka Nyamagana hadi Uwanja wa Ngoma wa Bujora

Kwenye kilima cha Bujora, kilomita zipatazo 20 mashariki mwa Mwanza katika barabara iendayo Musoma, upo uwanja wa ngoma ambao kwa zaidi ya nusu karne umekuwa ukumbi mkuu wa muziki wa asili wa Wasukuma, na ambao unafuata kanuni isiyopatikana katika kumbi nyingi za muziki: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni lile ambalo watazamaji wamelikimbilia. Masimulizi haya yanafuata njia ya msafiri aliyetoka Nyamagana kwenda Bujora katika msimu wa ngoma, yaani kipindi cha baada ya mavuno kati ya Juni na Agosti, na nia yake ni kumwonyesha msomaji mahali ambapo muziki uliozaliwa na jembe ungali unahukumiwa na watu walewale wanaoshika jembe.

Nyamagana

Siku ya kwanza ilipita katika Nyamagana yenyewe, wilaya ambayo pamoja na Ilemela huunda jiji la Mwanza. Miamba ya matale, mingine mikubwa kuliko nyumba, imejitokeza katikati ya mitaa, na watu wamejenga juu yake, chini yake na ubavuni mwake, hata mtu akiutazama mji kutoka ziwani huona mawe na mabati yakipandana hadi vileleni. Mwamba mashuhuri kuliko yote umesimama ndani ya maji, na bado unaitwa kwa jina la Bismarck, kansela wa Ujerumani, kwa kuwa Wajerumani ndio walioanzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892. Kabla yao, mwezi wa Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alikuwa amelitazama ziwa kutoka kilima kilicho karibu na hapo na kulipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao la Nyanza. Kwa habari za muziki, hata hivyo, wanaostahili kutajwa kwanza ni wapagazi wa misafara ya karne ile, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, waliobeba pembe za ndovu na bidhaa za pwani huku wakiimba nyimbo za safari ambazo kiongozi alianzisha na kundi zima likaitikia kwa mwendo wa hatua. Muundo huo wa kuanzisha na kuitikia, ambao ulimsaidia mtu mwenye mzigo kichwani asiachwe nyuma na wenzake, ndio utakaosikika tena Bujora, isipokuwa huko mzigo umegeuka kuwa jembe.

Jembe hilo lina historia yake, nayo imeandikwa katika majengo ya mji. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma, iliyokuwa imeanza kulimwa kwa biashara tangu enzi ya Wajerumani, ikapata njia ya haraka kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Katika miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, walijiunga katika vyama vya ushirika ili wasipunjwe kwenye mizani ya wanunuzi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika yaliyomilikiwa na Waafrika. Pamba, kama ajuavyo kila aliyeilima, hudai mikono mingi: kuna kufyeka, kupiga matuta, kupanda, kupalilia mara kadhaa na kuvuna kwa kuchambua tumba moja baada ya jingine. Vijana wa kijiji walijipanga katika vikundi vya kulima kwa zamu, wakaenda shambani na ngoma yao na mwimbaji wao, na wakalima mistari mirefu kwa mapigo ya ngoma hiyo, huku mwenye shamba akiwaandalia chakula au kuwalipa. Kutokana na kazi hiyo ilikua ngoma ya bugobogobo, ambayo leo hujulikana nchini kote kama ngoma ya majembe.

Katika upande mwingine wa dunia, jimboni Mississippi nchini Marekani, wimbo wa shamba la pamba ulikuwa miongoni mwa vyanzo vya bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi ambao baadaye ulizaa sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa karne ya 20. Kufanana huko hakupaswi kupitiliza ukweli, kwani wale wa Mississippi walikuwa wazao wa watumwa waliolima ardhi ya wengine na muziki wao ukaelekea kwenye sauti ya mtu mmoja na gitaa lake, ilhali Msukuma alilima shamba lake au la jirani yake, na muziki wake ukabaki kuwa wa kundi. Hata hivyo, anayezifahamu nyimbo hizo mbili hutambua kwamba zote zimepimwa kwa pumzi ya mtu anayefanya kazi, na kwamba zote husema waziwazi mambo ambayo msemaji asingeyatamka mbele ya mwenye shamba au mtawala.

Jioni ya Nyamagana ni ya samaki. Sato huchomwa mzima juu ya mkaa, akiwa amechanjwa ubavuni ili chumvi na ndimu viingie, na huliwa kwa ugali ambao wenyeji wengi hupenda uwe umechanganywa unga wa muhogo, kwa kuwa unga huo huufanya uvutike na ushike mchuzi.

Igoma na Kisesa

Barabara ya Musoma huuacha mji polepole. Baada ya Igoma, kitongoji cha mwisho chenye sura ya mji upande huo, miamba hupungua na kutawanyika, na bonde hufunguka kuwa tambarare yenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, ambamo mpunga hulimwa mabondeni, na pamba, mahindi na viazi vitamu hulimwa sehemu za juu. Ng'ombe wenye nundu huchungwa na watoto kandokando ya lami. Huko Kisesa, mji mdogo ulio ndani ya Wilaya ya Magu, msafiri huanza kusikia Kisukuma kuliko Kiswahili, na huanza pia kuona kwamba salamu ni shughuli yenye muda wake: asubuhi husemwa mwangaluka na alasiri mwadila, kijana akiinama kidogo mbele ya namhala, ambaye ni mzee wa heshima, na mama mtu mzima akiitwa mayu hata na asiyemzaa, na baada ya neno la kwanza hufuata maswali ya ukoo, ya nyumbani, ya ng'ombe na ya mvua, ambayo hayarukwi hata kama wanaosalimiana wana haraka.

Sokoni palikuwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa vibichi, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza kisha ndipo vikakatwa na kuanikwa. Vyote viwili ni akiba ya kiangazi, huliwa vikiwa na karanga au maziwa mgando, na matobolwa ndivyo wachezaji hubeba kwenye mifuko wanapotoka vijiji vya mbali, kwa sababu haviozi upesi wala havihitaji moto tena.

Kilimani Bujora

Siku ya pili msafiri alipanda kilima. Juu yake kuna kanisa la mviringo lililojengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya Kisukuma, na kando yake kuna Makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa mwaka 1968. Mwanzilishi wa yote mawili alikuwa Padri David Clement, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada na mmisionari wa shirika la Mapadri Weupe, ambaye wenyeji walimpa jina la Fumbuka. Katika miaka ya 1950, wakati wamisionari wengi bado waliihesabu ngoma kuwa upagani unaopaswa kuachwa na kila aliyebatizwa, Padri Clement alikaa na wazee katika kamati iliyokusanya simulizi, methali, vifaa na nyimbo, akaruhusu mapigo ya Kisukuma yaingie katika ibada, na akafanya hivyo kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, ambao ndio ulioyafungulia makanisa ya Kikatoliki kote duniani mlango wa lugha na muziki wa wenyeji. Kwa maoni ya mwandishi, sifa kubwa ya kamati ile haikuwa kukusanya vitu, jambo ambalo makumbusho mengi yamefanya, bali kutambua kwamba ngoma haihifadhiki kabatini, na kwamba makumbusho bila uwanja yangekuwa ghala.

Mabanda ya makumbusho yametawanyika kilimani, na mojawapo lina umbo la kigoda cha enzi cha ntemi. Ntemi, kwa wingi batemi, alikuwa mtawala wa jadi, na Usukuma wakati wa ukoloni ulikuwa na tawala za aina hiyo zipatazo hamsini, kila moja na ngoma zake za kifalme ambazo hazikupigwa kwa starehe bali kwa kutawazwa, kwa msiba au kwa vita. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliufuta utemi kama ngazi ya utawala, na ngoma ambazo zingeweza kuozea katika nyumba za familia zikapata makazi Bujora. Msafiri aliruhusiwa kuinama karibu na mojawapo. Gogo lake lilikuwa limechongwa kutoka kipande kimoja cha mti, kingo zake zikiwa zimeng'arishwa na viganja vya watu wengi, na wambo wake wa ngozi ulikuwa umevutwa kwa kamba za ngozi zilizosokotwa na kukazwa mpaka zikaacha mifereji katika mbao. Katikati ya wambo palikuwa na doa jeusi, pana kama kiganja, mahali ambapo fimbo ilitua miaka yote ile.

Banda la vyama vya ngoma ndilo linaloeleza vizuri zaidi kile kinachotokea uwanjani. Humo mna njuga za miguuni, mikia ya wanyama inayopeperushwa na wachezaji, ushanga, na sanamu za mbao, ambazo vikundi vilizitoa katikati ya mashindano ili kuwavuta watazamaji. Kwa mtu aliyezoea kufikiri kwamba kinyago ni kitu cha kutazamwa kimya ukutani, sanamu hizi zina somo lake, kwani zilichongwa ili zimshinde jirani.

Uwanjani

Ushindani huo una asili inayosimuliwa kote Usukuma. Katikati ya karne ya 19, waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana nani mwenye dawa yenye nguvu kuliko mwenzake, na ubishi wao ukaamuliwa kwa ngoma: kila mmoja acheze na wafuasi wake, na dawa yenye nguvu itajulikana kwa wingi wa watu itakaowavuta. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na tangu wakati huo vyama hivi viwili vimeugawa ulimwengu wa ngoma wa Kisukuma, hata kikundi chochote kinachoingia uwanjani, kiwe cha wakulima, cha wawindaji au cha wacheza na nyoka, hujulikana kimeegemea upande gani. Dawa ya mvuto, iitwayo samba, ingali sehemu ya maandalizi, na viongozi wa vikundi huizungumzia kwa uzito uleule wanaozungumzia mazoezi.

Katika Bujora mashindano haya yaliunganishwa na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi wa Juni, yaani wakati ambapo mavuno yamekwisha na vijana wana nafasi. Sikukuu hiyo huitwa Bulabo, kutokana na maua yanayotandazwa njiani mbele ya maandamano ya Ekaristi. Asubuhi huanza kwa ibada na maandamano, yenye nyimbo za Kisukuma na mapigo ya ngoma, kisha umati huteremka uwanjani, na mashindano huendelea kwa siku kadhaa.

Msafiri alifika uwanjani jua likiwa bado halijakali. Nyuma ya kikundi cha kwanza, vijana wawili walikuwa wamewasha moto wa nyasi kavu na kuzizungusha ngoma juu yake, wakizigonga kwa kidole kila baada ya muda, kwa maana ngozi iliyonyonya umande wa usiku hulegea na kutoa sauti nzito, na moto huirudishia ukali wake. Mzee aliyesimama karibu nao, baada ya kupokea shikamoo na kujibu marahaba, alieleza kwamba kikundi kinachokimbilia kuanza kabla ngozi haijakauka huwa kimejishinda chenyewe.

Kisha makundi mawili yakaanza kwa pamoja, katika ncha mbili za uwanja, kila moja likiziba sauti ya mwenzake kadiri lilivyoweza. Upande mmoja ulikuwa wa bugobogobo. Wachezaji waliingia kwa mstari, majembe begani, wakainama kwa pamoja na kuipiga ardhi kana kwamba wanaanza tuta, halafu ngoma kubwa ilipobadilisha pigo, majembe yakapaa. Jembe la mkono lenye mpini wa urefu wa mkono wa mtu lilizunguka hewani, likashuka, na likadakwa kwa mpini bila mchezaji kulitazama. Mpini wa mchezaji wa mbele ulikuwa umelainika na kuwa mweusi mahali pa kushikia, kwa kuwa lilikuwa jembe la shambani kweli na lilikuwa limefanya kazi msimu mzima. Umati ukasogea. Wale waliokuwa katikati ya uwanja, ambao hawakuwa wameamua, walianza kukimbia kuelekea majembe, na kwa muda ilionekana kwamba habari imekwisha.

Ndipo upande wa pili ukatoa nyoka. Wachezaji wake walikuwa wa Bayeye, chama ambacho asili yake ni wakamataji wa nyoka na wajuzi wa dawa za sumu, na ambacho hushindana na ndugu zake kama vile Banunguli, wawindaji wa nungunungu. Chatu mnene alitolewa kwenye gunia, akawekwa begani mwa mchezaji, na vumbi likaonekana likihama kutoka ncha moja ya uwanja kwenda nyingine, kwa sababu mamia ya watu, akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye fimbo na wanafunzi, walikuwa wakikimbia kulivuka eneo la katikati. Wacheza majembe waliobaki na watazamaji wachache hawakusimama. Kiongozi wa nyimbo wao alinyamazisha ngoma ndogo, akaacha ile kubwa peke yake, na akaanza kuimba kwa sauti ya chini juu ya bei ya pamba, na waliokuwa wakikimbia wakaanza kugeuza shingo.

Kiongozi huyo huitwa ning'i, naye ndiye moyo wa kikundi, kwani ndiye mtunzi, mwimbaji na mwanahabari kwa pamoja. Katika muziki wa Kisukuma wimbo mpya unathaminiwa kuliko wa zamani, na ning'i anayerudia wimbo wa mwaka uliopita huhesabiwa kuwa ameishiwa. Kwa hiyo kila msimu huja na matukio yake, kuanzia ukame na njaa hadi viongozi wasiotimiza ahadi, na msikilizaji husogea karibu ili asikie maneno kama vile anavyosogea ili aone mchezo. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 kitabu kinachochambua mamia ya nyimbo za kazi za Kisukuma, na anayekisoma huona jinsi historia ya eneo hili, kutoka misafara ya wapagazi hadi vijiji vya ujamaa, ilivyotunzwa na waimbaji kabla ya kuandikwa na wasomi.

Hapa ndipo inapofaa kusema wazi kile ambacho Bujora inakilinda. Baada ya Uhuru, serikali ilianzisha mwaka 1962 wizara ya utamaduni, vikundi vya taifa vikaundwa, na bugobogobo ikapandishwa jukwaani, ikafundishwa pia katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na ikawa miongoni mwa ngoma za kukaribishia wageni wa kitaifa. Heshima hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na gharama: ngoma ya kutwa nzima ilifupishwa ikawa ya dakika chache, wimbo wa mwaka huu ukaachwa kwa ajili ya wimbo usiomkera mtu, na watazamaji wakaketishwa kwenye viti. Mtazamaji aliyeketi kwenye kiti hupiga makofi hata kama amechoshwa. Mtazamaji wa Bujora akichoka huondoka, na kuondoka kwake huhesabiwa palepale, mbele ya macho ya mchezaji, jambo ambalo limewalazimisha waimbaji wa Usukuma kwa vizazi vingi kuwa wabunifu kwa kiwango ambacho jopo la majaji wenye karatasi za alama lisingeweza kukidai. Wanaopendekeza kwamba mashindano haya yaboreshwe kwa kuwekewa majaji hawajaona, kwa maoni ya mwandishi, kwamba watakuwa wameondoa chombo chenyewe kilichoutengeneza muziki huu.

Alasiri na usiku wa wigashe

Jua lilipoanza kulegea, uwanja ulibadilika. Vikundi vya wigashe, ngoma ambayo waimbaji wake huketi chini na kuicheza kwa mabega, mikono na shingo, vilichukua nafasi, na sauti zikashuka. Wigashe haina jembe la kurusha wala chatu wa kuonyesha. Ina mistari ya watu walioketi wakiyumba kwa pamoja na ning'i anayetembea mbele yao, na kwa hiyo maneno ndiyo hubeba kila kitu. Umati uliokuwa ukikimbia mchana kutwa nao uliketi. Mayu mmoja aliyekuwa ameketi kando ya msafiri alikuwa akiurudia kila mstari kwa Kiswahili bila kuombwa, na alipofikiwa na mstari uliomtaja mtu aliyemfahamu, aliacha kutafsiri na akacheka hadi machozi.

Asubuhi iliyofuata matokeo yalikuwa yakibishaniwa barabarani hadi Kisesa, kwa kuwa kila upande ulikuwa na hesabu yake ya nani alikimbilia wapi na lini, na wazee wanaosimamia mashindano walikuwa wamesimama chini ya mti wakiwasikiliza wawakilishi wa vikundi kwa zamu. Katika magari ya kurudi Nyamagana vijana walikuwa wakirushiana nyimbo za jana kutoka simu hadi simu. Waimbaji wengi wa Kisukuma wa kizazi hiki hurekodi katika studio ndogo za Mwanza wakitumia kinanda na mashine ya ngoma, huku wakiuhifadhi mtindo wa kuanzisha na kuitikia na ukali wa maneno ya ning'i, na nyimbo zao huchezwa harusini na minadani kote Kanda ya Ziwa. Tatizo ni kwamba rekodi hizi za simu husafiri bila jina la mtunzi, bila jina la kijiji na bila mwaka, ilhali wimbo wa bei ya pamba usio na mwaka hupoteza nusu ya maana yake. Kamati ya wazee ya miaka ya 1950 iliandika majina kwa kalamu, chini ya taa ya mafuta, wimbo kwa wimbo. Vijana walioko uwanjani leo wana simu mkononi, na wanachotakiwa kuongeza kwenye kila rekodi ni jina la ning'i, upande wake, kijiji chake na tarehe.